Nilisahau Kukitoa Kitenge Mlangoni

Ndugu zangu, mniruhusu nisimame, maana nikikaa sauti yangu haifiki nyuma. Kwa wageni wa mkutano wetu huu wa wafanyabiashara: mimi ni muuza vitenge hapa Kamembe, upande wa Rwanda. Kila siku saa kumi jioni nakaa mbele ya kamera, nawaonyesha wateja vitenge moja kwa moja kwenye simu zao. Naimba kidogo, nacheza kidogo, najifunga kitenge, nawatania. Wengi wananitazama kutoka ng'ambo ya mpaka, Bukavu, kule Kongo. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha, na ilitaka kuniponyoka kwa sababu ya taa.

Mwanzoni nilikuwa na simu tu, nakaa kwenye kizingiti cha duka. Wateja walikuwepo. Kisha nikaona wenzangu wa kazi hii wanavyong'aa kwenye video zao, nikasema na mimi ning'ae. Nikanunua kamera kubwa, taa ya duara, na taa nyingine mbili, moja ya njano na moja ya zambarau. Nikahamia chumba cha nyuma, nikaziba dirisha kwa pazia. Sikumuuliza mtu. Na ile filta ya kulainisha uso nikaipandisha mpaka mwisho.

Nawaambia, nilikuwa mrembo. Siku moja mteja alinikuta kwenye stendi ya mabasi, akaniambia, "Unisalimie mudogo wako, ule anauzishaka vitenge." Nikamjibu salamu zitafika.

Sasa sikieni. Maman mmoja wa Bukavu alikuwa anamwoza binti yake. Aliona kwangu kitenge cha kijani, kama majani ya chai, akakitaka kiwe sare ya ukoo mzima. Nikamtumia mzigo kwa mwenzetu anayevuka mpaka kila asubuhi. Jioni simu ikalia.

"Maman, hii si ile niliona. Niliona kijani, umenitumia bleu. Bantu ba harusi nitabavalisha nini?"

Nikamwapia kuwa hicho cha buluu ni kile kile nilichomwonyesha. Na kweli kilikuwa kile kile, ndiyo maana nilikasirika. Nikamwambia akapimwe macho. Ndiyo, niliyasema hayo kwa mama wa bibi harusi, na bado nayaonea haya.

Mzigo ukarudi, isipokuwa kipande kimoja alichobaki nacho. Habari ikavuka mpaka haraka kuliko mzigo. Wiki iliyofuata niliimba, nikacheza, nikatazama idadi ya watazamaji: wawili. Mmoja alikuwa dada yangu, ananitazama kwa huruma. Nikazima kila kitu, nikaifunika kamera kwa kanga. Nililia huku nakunja vitenge. Nikawaza kurudi kwetu Nkanka, nikalime mihogo.

Lakini kitenge kilichokataliwa unakifanyia nini? Nikachukua kipande, nikampelekea mzee fundi cherehani, jirani yangu wa duka, anishonee gauni. Hakukikata. Alikishika, akainuka, akaenda nacho mpaka mlangoni, akakitazama kwenye mwanga wa nje.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Rangi ya uzi," akasema. "Humu ndani siamini macho yangu."

Ndugu zangu, nilikaa chini. Ni nani kati yetu hapa amewahi kununua kitenge bila kukitoa mlangoni? Hata mimi nikienda kwa wauzaji wa jumla, natoka nacho nje kwanza. Kumbe wateja wangu nilikuwa nimewafungia kwenye chumba cha njano, halafu nawalaumu kwa macho yao.

Siku ile ile nikaliondoa pazia. Kamera nilibaki nayo, haikuwa na kosa. Taa za rangi nikampa mwenye baa, huko zinapendeza. Nikaweka taa mbili nyeupe, za weupe uleule, huku moja na huku moja, nikazitandia kitambaa cheupe mbele ili mwanga uwe mpole. Kabla ya kuanza naishikia kamera karatasi nyeupe, narekebisha rangi za kamera mpaka karatasi ionekane nyeupe kweli, kisha naifunga mipangilio hiyo isijibadilishe yenyewe. Filta nikaiondoa. Uso wangu ukarudi, na miaka yake yote.

Harusi ilikuwa bado. Nikampigia yule maman. Nikaomba msamaha kwanza, bila kujitetea. Kisha nikamwambia, "Shika kile kipande chako, kaa mlangoni kwako, unitazame." Nikakiinua cha kwangu mbele ya kamera. Akavilinganisha.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo hii. "Leo unanionyesha ile iko. Sasa nitafutie kijani."

Nilimtafutia, na kabla ya kumtumia nilikitoa mlangoni mara tatu. Ukoo wake ulivaa kijani. Wanaonitazama siku hizi ni wengi kuliko zamani, na bado dada yangu yumo.

Asante, Mzee fundi, hata kama hujui ulichonifundisha. Asante kwa mwenzetu aliyebeba mzigo kwenda na kurudi bila kunicheka. Asante kwa maman aliyepokea simu yangu baada ya maneno yale. Kama una kitu cha kuonyesha watu, nunua kwanza taa inayosema kweli, urembo utafuata.

Na gauni hili nililovaa ndilo lile la kitenge kilichokataliwa. Ninyi mliokaa nyuma, chini ya ile taa ya njano ya ukumbi, najua mnaliona la kijani. Tukimaliza, tukutane mlangoni.