Vitabu Kumi na Saba vya Maman Thérèse

Tarehe 31 Julai 2003, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, Maman Thérèse Ngalula anaacha kiti chake katika bureau ya Serikali ya kuandikisha watoto wanaozaliwa, hapa Butembo. Kiti chenyewe kina mguu mbovu tangu 1988, na mrithi wake ameshaonywa.

Alitumwa kutoka Kananga mwaka 1974, bila neno hata moja la Kinande, lugha yetu. Juma la kwanza wakaja baba wanne wa kijiji cha Kalunguta, asubuhi moja, kila mmoja akiandikisha mtoto anayeitwa Kambale. Maman akafunga kitabu. Kwake ilikuwa wazi kwamba wanamzungusha mtoto mmoja ili kuidanganya Serikali, akawafukuza wote. Kesho yake mmoja wao, mzee Éphraïm Mathe, alirudi kumweleza polepole kwamba kwetu mtoto wa kiume wa pili ni Kambale, awe wa nani. Maman alikwenda Kalunguta kwa miguu kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Walimcheka sana, wakamlisha maharagwe, na tangu hapo wakamhesabu kuwa wao.

Kisha vita. Mwaka 1999 komanda mmoja alidai vitabu vyote vya vizazi, ajue nyumba gani zina vijana waliofikisha miaka kumi na tano, awachukue. Maman aliomba siku moja ya kuvipanga. Siku hiyo akawaita wamama wa soko, Rébecca Kahongya wa kwanza, na kila mmoja akaondoka na kitabu ndani ya kikapu, chini ya mihogo. Mali ya Serikali, kwa wauza mihogo. Mimi mwenyewe, mfanyakazi mwenzake, nilimwambia ameshikwa na wazimu. Komanda alimfunga siku tatu, naye akajibu tu kwamba vitabu viko kwa wenyewe. Wamama kumi na saba walijua, hakuna aliyefungua mdomo.

Mwezi uliopita vimerudi vyote, kimoja kinanuka makayabu, samaki wa chumvi. Wamama walileta pia watoto wa miaka ya vita, ambao vita vikiendelea hawakuthubutu kuwaandikisha, na sasa hawakutaka mtu mwingine ila Maman. Foleni ilifika barabarani. Maman aliandika hadi vidole vikavimba, akinung'unika kwa furaha.

Katika kitabu chenye vizazi vya 1984 yumo Abdias, mwanangu. Hilo sikumwambia Maman siku ile ya vikapu. Niliogopa hata kulitamka. Leo Abdias ana miaka kumi na tisa, anakula chakula cha watu wawili, na anataka kuoa.

Maman, asante. Tunakuombea siku nyingi na magoti yenye nguvu. Arusi ya Abdias itakuwa huko Mavivi, na utaketi upande wa wazazi.

Malachie Kitsa, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa bureau