Jamaa Tuliyemwita Mwendo

Kijiwe chetu ni benchi la mbao linaloitazama bahari, kando ya ukuta mrefu wa saruji unaoukinga mji na mawimbi. Nyuma yetu pana kibanda cha aiskrimu ambacho baridi ikianza tu kinafungwa, na mbele yetu maji ya rangi ya bati. Tunakutana Jumapili asubuhi, watu wa lugha moja katika mji wa ugenini usiokuwa na haja nayo. Mimi nafua mashuka hotelini, na chupa ya kahawa ni jukumu langu. Wakili anaosha vyombo kwenye hoteli hiyohiyo. Uwakili aliupata kwa kubisha, si kwa kusoma. Dada Zamu analea vikongwe kwenye nyumba ya wazee, na kila ukimpigia simu utaambiwa yuko zamu. Fundi Bomba ni fundi bomba kweli, jina na kazi havikugombana. Halafu kulikuwa na Mwendo, aliyekuwa akipanga samaki kwenye chumba cha barafu kule gatini. Huyo kukaa hakuwezi. Kahawa yake aliinywa amesimama, akamuuliza kila mtu habari za watoto wake, kisha akashika njia ya pembezoni mwa bahari mpaka kwenye mnara wa taa. Kabla ya kuondoka alikuwa anatuambia, “Twendeni basi tunyooshe miguu.” Na sisi jibu letu lilikuwa moja, “Jumapili ijayo, kaka.” Sasa zilikuwa zimepita Jumapili kadhaa hatujamtia machoni, na asubuhi hiyo ndiyo ikawa mada.

— Karudi nyumbani huyo, alisema Fundi Bomba, akipuliza kikombe chake. Mtu akianza kuitazama bahari namna ile, jua moyo umeshatangulia, bado mwili.

— Bila kuaga? nikauliza.

— Aage ili iweje? Ukiaga, kila mtu anakupa mzigo umpelekee mama yake. Unafika kwenu umebeba masufuria ya watu.

Wakili akatikisa kichwa. Yeye hukataa kwanza, sababu huzitafuta baadaye.

— Nyumbani hajaenda. Wahenga wamesema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maana yake, mtu akizoea kutembea kando ya bahari, mwisho wake anapanda meli.

— Ndiyo maana yake hiyo? aliuliza Dada Zamu.

— Sasa tezi ni nini? Omo ni nini? Si sehemu za chombo hizo? Jamaa saa hizi yuko katikati ya maji, anamenya viazi jikoni mwa meli.

— Mwendo? Aliniambia hata kivuko kinamtapisha.

— Ndiyo vizuri. Dawa ya moto ni moto.

Tulicheka. Upepo ulikuwa mkali, nikavuta kofia hadi masikioni na kuwaongezea kahawa. Fundi Bomba akasogea mbele ya benchi, ishara kwamba ana lake zito.

— Nyinyi mnapiga porojo tu. Jamaa kaoa. Mnamjua yule mama mjane mwenye mbwa mweupe? Nilimtengenezea sinki lake. Alikuwa anapita njia ileile, na Mwendo naye anapita. Mara ya mwisho niliwaona kwenye ngazi za kushukia mchangani, wanacheka.

— Na mbwa naye alikuwa anacheka? nikamuuliza.

— Wewe tania. Mwenzio sasa hivi yuko kwenye kochi, kavaa soksi za sufu, chai inaletwa. Atakuja hapa kufuata nini?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Wakili kwa uchungu.

— Hiyo nayo inaingiaje?

— Soksi si nguo?

Dada Zamu alicheka mpaka kahawa ikammwagikia kwenye glavu. Hapo Wakili akaona uwanja ni wake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti.

— Mimi kuna kitu nilikuwa sitaki kukisema. Yule bwana alikuwa mtu wa serikali.

— Serikali ipi?

— Hapo ndipo penye siri. Fikirieni wenyewe. Mtu kila Jumapili anakwenda mpaka mnarani, kule ambako meli zote zinaonekana. Na maswali yake je? Alikuwa anajua mambo yetu yote. Huyu wa kahawa, mwanawe ana pumu, anajua. Binti yako, Dada Zamu, karudia mtihani, anajua. Kaka yako, Fundi, wamepelekana mahakamani na shemeji kwa ajili ya kiwanja, hilo nalo analijua. Mtu wa kawaida anayauliza hayo ya nini?

Nilingoja wacheke. Hawakucheka. Dada Zamu alikuwa anajifuta glavu, akaacha.

— Binti yangu alipofaulu ule mtihani wa pili, alisema, nilituma ujumbe kwenu wote. Mwendo alikuja mpaka pale kazini, akasimama nje ya geti kwenye mvua, akanipa mkono. Akasema, “Mwambie mtoto, mjomba wake kafurahi.” Kisha akaenda zake. Wewe Wakili ulinijibu nini?

— Si nilituma kile kidole cha gumba.

— Basi. Kidole.

Wakili alikizungusha kikombe chake mkononi kama anatafuta mahali kilipopasuka.

— Simu yake haipatikani, nikasema. Nimejaribu wiki nzima.

— Hata mimi, alisema Fundi Bomba. Sasa kuna aliyekwenda kule gatini kumuulizia?

Tukatazamana.

— Mimi nilidhani umekwenda wewe, Wakili alimwambia. Si ndiyo upande wa kazi zako.

— Na mimi nilidhani Dada Zamu kaenda.

— Wapi, na zamu zangu hizi?

— Manahodha wengi, chombo huenda mrama, alisema Wakili.

— Hapa hata nahodha mmoja hakuwepo, Dada Zamu akamjibu.

Fundi Bomba aliweka kikombe chini, kwenye saruji. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua ukuta akakuta bomba limeoza kuliko alivyofikiria.

— Kule gatini pamefungwa, alisema. Nilipita kuziba bomba kwenye jengo la jirani, nikakuta kufuli kubwa mlangoni. Wanasema wenye kampuni wameondoka, na wafanyakazi kila mmoja kashika njia yake.

— Lini hiyo?

— Zamani kidogo. Kabla baridi haijaanza.

— Kabla? Dada Zamu akamgeukia mzimamzima. Basi siku ile ya mwisho alipokuja hapa, akasimama palepale, akatuuliza habari za watoto, kazi alikuwa hana?

— Alikuwa hana.

— Na hukutuambia.

— Nilidhani mnajua. Kila Jumapili tuko naye.

— Mbona hakusema? nikauliza, na nilipouliza tu nikajuta, maana jibu lilikuwa limekaa nasi pale benchini.

Fundi Bomba alitazama njia inayopanda kuelekea mnarani. Watu wachache walikuwa wanatembea, wameinama dhidi ya upepo.

— Mimi niliwahi kwenda naye siku moja, alisema. Si mpaka mwisho, mpaka kwenye vile vibanda vya rangi vya waogeleaji. Kulikuwa na mteja ananipigia kelele kwenye simu, dari lake linavuja. Mwendo akaanza kuniambia kitu. Akasema, “Unajua fundi, mama yangu…” Nikamfanyia hivi kwa mkono, ngoja. Akangoja. Mtu muungwana yule, alingoja kweli, amefunga mikono nyuma. Nilipokata simu nikamuuliza, “Ulikuwa unasemaje?” Akasema, “Hamna, kaka. Tazama wale ndege.” Tukatazama ndege, halafu nikarudi, miguu ilikuwa inaniuma.

Wakili, ambaye hakosi methali hata msibani, aliinama akaanza kufunga kamba za viatu.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipotufikia. Alikuwa amevaa koti zito, na chini ya koti inaonekana sare ya buluu ya wafanya usafi wa hospitali. Alisimama mbali kidogo, kama mtu anayeogopa kuwa amesikia vibaya.

— Hamjambo? Samahanini. Ni Kiswahili hicho mnachoongea?

— Ni chenyewe, dada. Karibu, nikamwambia, nikamtafutia kikombe.

Hakukipokea. Alikaa pembeni ya Dada Zamu, akafumbata mikono yake.

— Nimezunguka huku ufukweni kila nikipata mapumziko, nawatafuta watu wa lugha hii. Kuna mgonjwa wodini. Watu waliokuwa wakikimbia mazoezi walimkuta ameanguka kwenye njia, huko juu karibu na mnara. Kiharusi. Upande mmoja umekufa, na kusema hawezi. Mfukoni hana hata karatasi, simu imevunjika kwenye mawe. Madaktari walikuwa hawajui ni mtu wa wapi. Wiki iliyopita nilikuwa napiga deki huku naongea na mama yangu kwenye simu. Yule mgonjwa akageuza uso, akanitazama. Machozi yakaanza kumtoka. Nikamuuliza, “Baba, unanisikia?” Akainua ule mkono mzima.

— Ana kovu hapa kidevuni? Dada Zamu aliuliza.

— Analo. Na ule mguu mzima hautulii, hata akiwa usingizini. Unatembea chini ya shuka.

— Ni yeye, alisema Fundi Bomba. Ni Mwendo wetu.

Yule dada alipumua kwa nguvu, uso ukamchanua.

— Afadhali. Nimefurahi jamani, nilianza kukata tamaa. Yuko hai, na leo wanaruhusu watu kumwona, nitawapeleka mwenyewe. Kila siku madaktari wananiuliza mimi, kana kwamba ni ndugu yangu. Wanataka kuwaarifu watu wa kwao, wanatafuta pa kuanzia tu. Anaitwa nani?

— Mwendo, alisema Wakili.

— Hilo la utani, naelewa. Jina lake hasa. Jina lake na la baba yake.

Fundi Bomba alitoa simu mfukoni, akaitafuta namba, akakuta pameandikwa “Mwendo” tu, akairudisha mfukoni. Dada Zamu alijifunika uso kwa mtandio. Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya kahawa, sijui niiweke wapi.

Yule dada akasubiri, hana haraka, anatuangalia mmoja baada ya mwingine. Alidhani tunaulizana kwa macho nani amtajie.