Rubani Aliyetutunzia Ukumbi

Jumapili, tarehe 29 Novemba 1998, Bwana Lorne Tackaberry anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha jamii hapa Parkdale kwa miaka ishirini na tisa. Jina hilo la pili limetushinda wengi, mimi nikiwa wa kwanza, ndiyo maana kila mtu humu anamwita Mzee Loni. Ana umri wa miaka sabini na sita. Kamati imemsihi mara tatu apumzike, na mara zote amejibu kwamba boila inayopasha jengo joto bado haijastaafu.

Mimi Kemunto wa mapokezi nimefanya naye kazi tangu 1991, kwa hiyo nina haki ya kumsengenya kidogo. Kiswahili chake chote ni sentensi moja, "Funga mlango, baridi!", na anaitamka vizuri kuliko watoto wetu, wanaotuelewa fika kisha wakatujibu kwa Kiingereza. Siku alipokaribishwa ugali kwa mara ya kwanza, aliumiminia ile asali ya miti ya huku Kanada. Mama Pulchérie, mpishi wa shughuli zetu zote, alishika kichwa: "Sukari juu ya bugali? Mon Dieu!" Siku hizi humwekea chupa kabisa kando ya sahani. Amesalimu amri.

Wengi hamjui kwamba mzee huyu wa ufagio na spana aliwahi kurusha ndege za kivita. Alizaliwa mwaka 1922 kwenye shamba la ngano huko Saskatchewan, na hadi anatimiza miaka kumi na tisa hakuwa amepanda hata lifti. Mwaka 1941 akajiandikisha jeshini. Walimfundishia katika vindege vya rangi ya njano, juu ya mashamba yaleyale ya kwao, na mama yake alikuwa akitoka nje kupunga kitambaa cha jikoni kwa kila kindege kilichopita, asije akamkosa wake. Kisha akavushwa bahari hadi Uingereza, akakabidhiwa Spitfire, ndege ya mtu mmoja yenye bunduki mbawani. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Anasema woga ulimkamata kila alipokuwa akisubiri kuruka, ukamwachia akishafika angani, maana huko kazi ni nyingi mno.

Marubani hao waliruka wawili wawili, kila mmoja akiulinda mgongo wa mwenzake. Mwenzake Loni aliitwa Gordie Fennell, kijana wa miaka ishirini, mcheshi, mwizi sugu wa soksi za wenzake. Kiangazi cha 1944, wakirudi kutoka Ufaransa, ndege ya Gordie ilipigwa risasi kutoka ardhini ikaangukia baharini. Loni alizunguka juu ya mahali pale mpaka mafuta yakabaki ya kumfikisha kambini tu. Hakuona kitu. Gordie hakupatikana, na hana kaburi hadi leo. Vita vilipokwisha, Loni alikwenda kumsalimia mama wa marehemu. Mama akamwandalia chai, wakazungumza habari za mvua na mavuno, na jina la kijana halikutajwa kabisa. Loni hakurusha ndege tena. Alitengeneza maboila viwandani hadi alipokuja kwetu mwaka 1969.

Haya yote aliyanyamazia. Tumeyajua kwa sababu ya matanga.

Mwaka jana Joyeuse, mwenzetu kutoka Uvira anayefanya kazi kiwandani kule Rexdale, alipata habari kwamba kaka yake ameuawa vitani na mwili haukuonekana. Tulikaa naye siku tatu katika ukumbi wa chini. Sheria ya kituo inasema ukumbi ufungwe saa mbili usiku, na kazi ya Loni ilikuwa kututoa. Hakututoa. Aliongeza viti, akaongeza joto, akaketi nasi karibu na mlango. Siku ya tatu akamuuliza Mzee Eustache, mzee wa kanisa kutoka Burundi, nami nikiwa mkalimani, inakuwaje tunamlilia mtu ambaye hatukumzika. Eustache akamweleza kwamba asiye na kaburi ndiye hasa wa kuliliwa, la sivyo msiba wake hauishi, unahamia nyumbani kwako. Kisha akamuuliza kwa upole: "Na wewe, muzee, uko na nani?"

Loni akasema ana Gordie.

Jumamosi iliyofuata tulikaa matanga ya Gordie Fennell, miaka hamsini na mitatu baada ya kufa kwake. Loni alileta picha ya vijana wawili wanaocheka, tukaiweka juu ya kiti. Kwa desturi, wa karibu ndiye anayemsema marehemu. Alianza vizuri, akafika kwenye zile soksi, akaishia hapo. Hapo Joyeuse akaanza kulia, Mama Pulchérie akampokea, nasi sote tukafuata. Tulimlilia mtoto wa watu kama wa kwetu, na mzee wetu, aliyekuwa hajamlilia rafiki yake hata siku moja, akalia akiwa katikati yetu. Baadaye tulikula, tukaomba, tukaanua matanga. Kufiwa si jambo la mtu mmoja.

Januari Mzee Loni atapanda ndege kwa mara ya kwanza tangu vita, safari hii akiwa abiria. Anakwenda Uingereza, ambako jina la Gordie limechongwa ukutani pamoja na majina ya wengine wasiopatikana. Kabla ya matanga yale, anasema, asingethubutu.

Mzee wetu, asante kwa joto la majira yote ya baridi, asante kwa viti, asante kwa kukaa nasi tulipofiwa. Mungu akupe afya na miaka mingi ya kupumzika. Nawe ukifika kwenye ukuta ule, mwambie ndugu yetu Gordie kwamba huku nyumbani tulimlilia.