Fundi Maringo, Kinyozi Aliyepimwa Koo Kabla Halijachoka

Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote aliligundua kwa marehemu ni kidevu. Alikiinua kama anayekukagua, akakutazama kwa chini ya kope nzito, na mteja mgeni akadhani ana majivuno. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Maringo. Kumbe kope zilikuwa zimemlegea, na bila kuinua kichwa asingeona wembe unapopita.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa dereva wa lori na mshona mashuka ya hospitali. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akafika kidato cha pili baba yake alipofariki. Hapo akashika mkasi ili amlee mdogo wake. Mwaka 1983 alifungua chumba chake mwenyewe, viti viwili na kioo kimoja, na kiti cha pili kikawa cha mdogo wake huyo hadi leo.

Mwaka 1988 alimwoa msusi wa chumba cha jirani, aliyekuwa akimtania kwamba mmoja anapunguza vichwa na mwingine anaviongeza. Walijaliwa watoto watatu. Mezani marehemu alikuwa wa mwisho kunyanyuka. Watoto wakimaliza kuosha vyombo, sahani yake bado ilikuwa nusu. "Nyie kimbieni," aliwaambia, "mimi leseni yangu ni ya mwendo wa pole." Wakacheka. Mkewe ndiye aliyeacha kucheka, maana aliona mkate ukiondoka mezani, kisha nyama, kisha wali mkavu, na kikohozi kikibaki.

Kuhusu kope, madaktari walikwisha kusema ni ugonjwa wa misuli unaotembea katika ukoo, na kwamba hulegeza koo pia. Juni 2023 mkewe alimpeleka kliniki apimwe koo. Ilikuwa asubuhi, mwili umepumzika. Muuguzi alimpa kikombe cha maji. Akanywa, akahesabu hadi kumi kwa sauti safi. Daktari alipouliza kama hupaliwa, alijibu kwamba hapaliwi. Hakusema uongo. Kila kilichompalia alikuwa amekwisha kukiacha.

"Mpime akiwa amefika nusu ya sahani, daktari," mkewe alisema. "Hapo ndipo koo linapochoka."

"Mama, maji yamepita. Usimtie mzee hofu."

Wakarudi nyumbani na ruhusa ya kula kila kitu.

Kufikia Oktoba suruali zake zilikuwa zikifungwa kwa kamba. Tarehe 2 Novemba alilazwa kwa nimonia. Chakula kilikuwa kikimwingia mapafuni kidogo kidogo, pengine kwa miezi. Daktari wa wodi aliuliza ni nani aliyewahi kumtazama akila. "Mimi," mkewe alijibu. Hakuulizwa zaidi. Marehemu alifariki tarehe 6, saa tisa mchana.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na mdogo wake, ambaye kope zake nazo zimeanza kulegea. Mdogo huyo alipangiwa kupimwa koo asubuhi. Shemeji yake, yule mjane, akagoma, akarudi kwenye dirisha la miadi mara tatu, akaitwa msumbufu, hadi wakabadilishiwa: Alhamisi ijayo, saa nane mchana. Atambebea chakula cha kushiba, na amesema hatoki chumbani mle mpaka daktari aone tonge la mwisho likimezwa.

Fundi wetu alale pema. Sisi tunaingoja Alhamisi.