Mtu wa Nyuma ya Kitanda

Mwaka ule bwawa la Jinja lilipofunguliwa, na umeme ukaahidiwa kila mtu isipokuwa waliobeba mawe yake, kijiwe cha Mahmudu hapa Tororo kilikuwa kando ya njia ya stesheni: mataruma mawili ya reli juu ya mawe, birika la shaba juu ya makaa, na vikombe vidogo ambavyo maji ya kuvisuuza yalibadilishwa Ijumaa kwa Ijumaa. Waliokaa pale walijua kila kitu. Bei ya pamba waliijua kabla mwenye jineri, kiwanda cha kuichambua, hajaipanga, na mawazo ya Gavana waliyajua kabla Gavana hajaamka. Wasio na kazi walikaa kwa sababu hawana kazi, na wenye kazi walikaa kwa sababu ya jinsi kazi zenyewe zilivyo. Alhamisi ile, saa tano na kitu, waliyekuwa wakimchambua ni Bwana Endelea.

Jina lake la ofisini lilikuwa Daktari Winta. Serikali ilimpa miezi mitatu na nyumba ya zamani ya mnunuzi wa pamba, awatibu watu ambao ugonjwa wao hauonekani: aliyepooza mguu na mguu wenyewe mzima, aliyepoteza sauti na kooni hamna kidonda. Hakuwa na sindano wala vidonge. Alikuwa na kitanda. Mgonjwa analala chali, daktari anakaa nyuma ya kichwa chake asikoonekana, na mgonjwa anaambiwa aseme lolote linalompitia moyoni, la aibu na la upuuzi, asichague. Mgonjwa akinyamaza, daktari naye ananyamaza. Kimya kikizidi, daktari hutoa neno lake moja la Kiswahili, endelea, na mji mzima ukambatiza hivyo.

Badiru, dereva wa lori la Busia, ambaye kijiweni walimwita Gia Nne kwa sababu mdomo wake haukuwa na gia nyingine, alishikilia kwamba daktari asiye na sindano ni karani aliyevaa koti jeupe.

— Na karani wa Mzungu anatafuta nini siku zote? Kodi. Wamemaliza kichwa, wamemaliza nyumba, wamemaliza baskeli. Imebaki ndoto. Juzi mimi nimeota niko na malori sita. Nikilala pale nikasema, mwezi ujao nakatiwa stakabadhi ya malori sita.

— Hapana kodi, akasema Emojong. Hiyo ni intelijensi.

Emojong alikuwa sajenti wa KAR, jeshi la Mwingereza, aliyerudi kutoka vita na Wajapani akiwa na goti bovu na jina la Bama, maana hakuna jambo chini ya jua ambalo yeye hakuliona Bama kwanza. Akaeleza kwamba huko walikamata Mjapani mmoja, hawakumpiga hata kofi. Walimlaza, wakampa sigara, wakamwambia asimulie habari za kwao.

— Kwisha siku tatu, yeye nasema mpaka jina ya ng'ombe ya babu yake.

— Mjapani ana ng'ombe? akauliza Mahmudu.

— Ile moja alikuwa nayo.

Mahmudu alifuta birika kwa kitambaa chake, akasema wote wawili wamepotea. Yeye aliwahi kupakia marobota jinerini, na anaijua mashine inavyokula pamba: nyuzi zinakwenda huku, mbegu zinaangukia kule. Kitanda kile ni jineri ya moyo. Nyuzi zinafungwa, zinapelekwa Mombasa, zinapanda meli. Mbegu anaachiwa mgonjwa arudi nazo kijijini kwake, Mella au Kiyeyi, akapande tena.

— Na wanunuzi ni nani huko Ulaya? akauliza Badiru.

— Wazungu wenyewe. Hawaoti tena, afande, sivyo? Umeishi nao.

Bama akafikiri sana, kama shahidi aliyeapa.

— Kweli. Vita imekula ndoto yao yote. Usiku walikuwa wanapiga kelele tu.

Mwishoni mwa taruma, mwenye tai na viatu vilivyopigwa rangi juu ya nyufa, alikaa Wandera. Walimwita Kembriji kwa ajili ya cheti chake cha mtihani wa sekondari, ambacho kwa miaka miwili alikitembeza ofisi hadi ofisi, kimeviringishwa ndani ya gazeti, akiambiwa kote kwamba kimeandikwa vizuri. Sasa alikuwa na kazi kwa Bwana Endelea. Kijiweni alisema anaandika kadi. Walimgeukia kama kawaida yao, aamue nani kasema kweli, na siku nyingine angewamiminia Kiingereza mpaka wajute kuuliza. Siku hiyo alijibu tu kwamba inaitwa free association, kusema lolote bila kuchagua.

— Asosiesheni? akasema Badiru. Chama hicho. Basi watafungwa. Serikali haitaki asosiesheni.

Wakacheka wote isipokuwa Wandera. Badiru, asiyependa kicheko kife mikononi mwake, akaleta jingine. Asubuhi ile alipakia kutoka Busia mama mmoja wa Bulumbi, yeye na mwanawe. Mkono wa kulia wa yule mama umekufa, unaning'inia kama mkono wa shati, na hakuuangukia wala haukuwahi kupigwa. Jumanne tatu amelazwa kwa Bwana Endelea, ameongea, kapu tupu. Amewakuta tena stesheni, wakamwambia leo sista wa kliniki amewasomea karatasi: maneno yameshindwa, mama apande treni ya saa nane kwenda Kampala, kwenye mashine ya umeme.

— Wanaweka kitambaa mdomoni usikate ulimi, wanawasha. Mtu anaruka kama samaki kwenye majani. Akitulia hata jina lake anaulizwa. Lakini hiyo ndiyo dawa ya kisasa. Hii ya kubembeleza maneno ni ya watu wenye nafasi.

Kikombe cha Wandera kilikuwa kimefika mdomoni. Akakishusha bila kunywa.

Ukweli ni kwamba Wandera hakuandika kadi yoyote. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa Bwana Endelea. Mgonjwa akishalala, macho yake kwenye dari, Wandera huingia kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye kigoda ubavuni mwa daktari, akageuza Kisamia na Kiswahili kuwa Kiingereza. Hakuna mgonjwa aliyemwona uso, na ndivyo daktari alivyotaka. Alimwapisha asimwambie mtu, akamfundisha na sheria moja: usiseme anasema hivi, anasema vile. Sema mimi. Maneno yapite kwako kama maji kwenye bomba.

Na mama wa mkono uliokufa alikuwa Taaka, mama mzaa Benedeta, mke wa Wandera. Mama mkwe. Kwao Wasamia, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja anaacha njia, anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Mama mkwe hakanyagi nyumba ya mkwewe hata mvua inyeshe mawe, na mkwe hasikii siri ya mama mkwe hata kwa bahati mbaya. Wandera hakuijua ile sauti, maana hakuwahi kuisikia ikizungumza zaidi ya salamu ya mbali. Aliijua Jumanne ya kwanza, mama alipotaja jina la binti yake. Hapo alipaswa kuinuka atoke. Daktari angeuliza kwa nini, angejibiwa, na pengine angeelewa, maana Wazungu wa namna yake hupenda sana mila wasizozifuata. Wandera hakuinuka. Aliiona ile miaka miwili ikimsubiri nje na gazeti lake, akabaki.

Kisha yule mama akasema jambo. Lilihusu nyumba ya mkwewe, alasiri moja, na alipolisema vidole vya mkono ule vilicheza juu ya shuka, viwili, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga. Wandera aliviona. Daktari naye aliviona, akainama mbele, akauliza kwa haraka amesema nini. Wandera akajibu kwa Kiingereza safi kwamba alibeba kikapu kizito kwa mwendo mrefu. Daktari akaandika kikapu. Jumanne ya pili mama alirudia lilelile, na ya tatu, na mara zote kikapu kikaandikwa, mpaka vidole vikakoma kucheza. Leo, siku ya kusomewa karatasi, Wandera alituma salamu kazini kwamba ana malaria, akaja kunywa kahawa.

— Wewe Kembriji mbona jasho? akauliza Bama. Homa?

Akasema ni homa.

Mtu alikuwa akipanda njia kutoka stesheni, kijana mpana wa mabega, mwenye vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Badiru akamtambua: ndiye mwana wa yule mama. Wandera alimtambua mapema zaidi. Ojiambo, shemeji yake, aliyekuja kuketi naye mara nyingi, aliyelia siku Benedeta alipoolewa akasingizia moshi. Aliwaamkia wote, akamshika Wandera mkono kwa mikono miwili.

— Mulamwa, shemeji yangu, nimekutafuta mji mzima. Kliniki wanasema unaumwa.

Wakamsogezea nafasi, Mahmudu akamtilia kikombe. Walimtaka atoe ushahidi juu ya kitanda, kama kina tundu, kama kuna waya. Ojiambo akasema yeye alikaa nje na hakuona kitu. Mama ndiye aliyelala. Naye alikwenda kila Jumanne kama anayekwenda komunyo, na kila akitoka alisema amesema yote. Ndiyo maana leo, sista alipowasomea habari za kikapu, mama alishangaa. Hakulia. Alikaa kwenye benchi la stesheni kwa muda, halafu akamwita.

Hapo Ojiambo akageuza uso kumtazama Wandera, na sauti ikashuka, kwa maana lilikuwa jambo la nyumbani na yeye mwenyewe hakulielewa.

— Amesema kule ndani palikuwa na mtu nyuma ya kitanda, mgeuza maneno. Anasema sauti yake ni ileile aliyoisikia siku moja mlangoni. Akaniambia, nenda kwa mkwe wetu, usimuulize mengi. Muulize moja tu. Ulisikia?

Badiru alikuwa na jibu la kodi, Bama alikuwa na jibu la Mjapani, Mahmudu alikuwa na jibu la pamba na meli. Majibu hayo hayakuwa ya swali hili. Walimtazama Wandera, kisha tai yake, kisha wakatafuta mahali pengine pa kutazama.

Wandera alielewa yote kwa pamoja. Yule mama alijua. Tangu Jumanne ya kwanza alijua ni nani aliyekaa nyuma ya kichwa chake. Mila ilimkataza kumwona na kumwambia, naye akapata kitanda ambacho mtu analala bila kuonana na anayemsikia, anaambiwa aseme lote. Hakuwa akimwambia daktari. Mara tatu alimwambia yeye, na mara tatu akasikia Kiingereza kifupi kikitoka, akangoja.

— Nilisikia, akasema Wandera.

— Ulisikia nini, mulamwa?

Kukataa kulikuwa rahisi bado. Angeweza kusema ni mambo ya siri ya daktari, ameapishwa, na wangeridhika. Akaweka kikombe chini. Akakaza macho kwenye reli, akasema kama alivyofundishwa.

— Mimi ni mama wa Benedeta. Nilitoka Bulumbi na kikapu cha ulezi kichwani, nikafika Tororo alasiri. Sikwenda kuingia. Nilitaka nikiweke mlangoni, nimwite mwanangu, nirudi. Nikasikia anapigwa. Nikasikia mwanamume anamuuliza hata wewe unaniona sina kazi, hata wewe. Mwanangu hakupiga kelele, na kwa kutopiga kelele kwake nikajua si mara ya kwanza. Nikainua mkono nigonge. Ukafika hapa, mbele ya uso wangu. Nikakumbuka ni mlango wa mkwe. Nikaushusha, nikaacha kikapu, nikarudi kwa miguu. Tangu siku hiyo haujapanda.

Mahmudu alikuwa anamimina kahawa kwenye kikombe kilichojaa, ikatiririka juu ya taruma na hakuna aliyemwambia. Kikapu kile Wandera alikikuta. Alikula ule ulezi miezi miwili bila kumuuliza Benedeta umetoka wapi.

Ojiambo akamsogelea.

— Na Mzungu ulimwambia nini?

— Kwamba kikapu kilikuwa kizito.

Kijana akainuka. Bama, kwa goti lake bovu, akainuka pia, akasimama katikati yao. Haikuhitajika. Ojiambo alikung'uta vumbi kwenye suruali, mara nyingi kuliko vumbi lenyewe, na aliposema hakupaza sauti.

— Yangu na wewe tutayasema Bulumbi, mbele ya wazee. Na Benedeta atakuwepo, atasema mwenyewe. Sasa treni ya mama ni saa nane. Daktari yuko wapi?

— Kliniki. Anafunga saa saba.

Mahmudu alitazama kivuli cha nguzo ya simu, akasema saa sita na nusu imepita.

Wandera aliondoka akitembea, maana mtu mwenye tai hakimbii mjini. Alipofika kwenye kona ya jineri akaanza kukimbia. Wanawake wa soko walinyoosha shingo, mtu akauliza mwizi yuko wapi. Alikimbia huku akitafuta Kiingereza cha nilimpiga, ambacho hakikuwa kigumu, ni maneno matatu, darasa la tano. Nyuma yake Badiru alikuwa tayari ameomba kikombe kingine, bado hajasema kitu. Lakini lori lake, na mdomo wake, vilikuwa vinarudi Busia jioni ile.