Moto Aliouacha Célestin

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni redio karibu. Anayeosha vyombo aviache kwanza. Leo tunamkumbuka Célestin Thembo wa Bwera, mpagazi wa mlima Rwenzori, mume wa Geneviève, baba wa Marie-Louise. Tulimzika Jumamosi. Alifariki kwa kuungua akizima moto wa msitu. Na moto huo, wapendwa, aliuacha yeye mwenyewe. Msinikasirikie. Ni yeye aliyenituma niseme.

Tuanzie mwaka 2002. Vita vya Kongo viliwatoa Beni, na barabara hazikupitika. Wakapanda mlima ili wavukie huku Uganda, Marie-Louise akiwa mgongoni mwa mama yake, hata kukaa hajaweza. Huko juu mvua ya barafu ikawakuta. Mtoto akaacha kulia. Mama yeyote anakijua kimya cha namna hiyo, na hakuna anayekitaka.

Wakafika kwenye pango wanamolala wapagazi. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na fungu la kuvumwani, zile nyasi laini zinazovika mawe na miti ya juu, nalo lilikuwa likitoa mvuke. Célestin akafunua. Chini yake, makaa mekundu.

Hiyo ndiyo desturi ya mlimani: ukiondoka, usizime. Funika makaa kwa kuvumwani mbichi, umwachie anayekuja nyuma. Kuvumwani ililowa mwaka mzima, kwa hiyo makaa yaliishi chini yake na hayakwenda popote.

Geneviève aliniambia: "Ule mutu hatukumujua, hata jina. Mutoto akaanza kulia tena. Miye pia nikalia."

Célestin akala kiapo: hatapita pango lile bila kuacha moto. Wakakaa Bwera, akawa mpagazi, na miaka kumi na moja alikitimiza. Alikuwa mtu wa vichekesho, na akiimba kanisani tulimwomba Mungu ibada iwe fupi. Lakini kwenye moto hakuwa na mzaha. Wenzake wakishaanza kuteremka Nyakalengija, kijiji cha chini ya mlima, yeye bado amepiga magoti anafunika makaa.

"Célestin, unapikia nani?" walimtania.

"Ule anakuya," alijibu, yaani yule anayekuja nyuma.

Lakini mlima ulikuwa ukibadilika. Barafu ilirudi juu, mawe yakabaki uchi. Mwaka huu mvua zilichelewa, kuvumwani ikakauka kama tumbaku. Célestin aliiona. Alimwambia mkewe kwamba imekauka. Ila kiapo ni kiapo, na mkono una mazoea yake. Akafunika makaa, akashuka.

Moto haukuwaka juu. Ulizama ardhini. Bwana Otim wa misitu alinieleza hivi: "Ile udongo nyeusi ya juu si udongo kama ya shamba. Ni majani na mizizi ya zamani sana. Baridi na maji inakataa ioze. Kaboni yote inalala pale. Huko kaskazini ya dunia, Kanada na Urusi, msitu ya baridi iko namna hiyo hiyo. Joto ikipanda, inakauka. Moto ikiingia, inakula chini kwa chini. Msitu ilikuwa inaweka, sasa inatoa. Na hiyo moshi inaongeza joto tena."

Narudia, wapendwa: msitu uliokuwa ukiweka, sasa unatoa.

Habari za moshi zilimkuta Célestin sokoni Bwera, akimpimia mkewe maharage. Alipoambiwa unatokea upande gani, aliweka kopo chini.

Alipanda na wenzake kuchimba mtaro wa kuuzuia moto. Ardhi ilionekana nzima, kumbe chini imeshaliwa. Ikabomoka, akazama kwenye makaa mpaka kiunoni. Wenzake walimvuta, wakamshusha hospitali. Hakumaliza wiki. Maneno yake kwa Geneviève ni haya: "Museme ku radio ni moto yangu. Bengine banafunika bado."

Basi nimesema, rafiki yangu, ili wanaofunika bado wasikie. Ulikuwa moto wako. Moyo unaniuma kusema, kwa maana sijui mtu aliyeacha moto kwa upendo zaidi kuliko wewe.

Mama Geneviève, pole sana. Marie-Louise binti yetu, pole. Poleni wapagazi wote wa Nyakalengija. Mungu amlaze Célestin mahali pema. Na sisi tuliobaki tufikiri: mlima ule wa maji haupo tena kama tulivyouzoea, nasi bado tunatembea kwa mazoea yake.

Siku ya kuvunja matanga, moto wa waombolezaji ulikuwa bado uani. Geneviève alileta maji mwenyewe. Akamwaga, akachimbua, akamwaga tena. Kisha akazamisha mkono majivuni mpaka kwenye kifundo, akatulia hivyo. Wanawake walitaka kumwinua, akakataa. Nilichuchumaa kando yake nikamuuliza anafanya nini.

"Naangalia kama ule anakuya atapita muzima," akasema.

Wasikilizaji wapendwa, kabla hamjaondoka penye moto, nanyi wekeni mkono majivuni.