Firmin Roustan, Meya Aliyeomba Kupumzika (1944–2013)

Marehemu Firmin Roustan alizaliwa tarehe 9 Februari 1944 hapa hapa La Combe-Rousse, nyumba iliyo chini ya kanisa, mtoto wa kwanza wa Baptistin na Mélanie Roustan. Mimi Huguette ndiye niliyemfuata ziwa.

Alisoma shule ya kijiji, akapata cheti mwaka 1958, akarudi kwa ng'ombe wa baba. Shule hiyo ilipokosa watoto mwaka 1987, yeye ndiye aliyekuwa meya, na mlango aliufunga kwa mkono wake. Jioni ile hakula.

Tarehe 18 Aprili 1970 alimwoa Josiane Teissèdre. Wifi yangu, aliyetangulia mwaka 2006, alizoea kusema, "Mimi nimeolewa na kijiji kizima, na wote wanakuja na viatu vyenye matope."

Alichaguliwa meya mwaka 1983. Theluji barabarani, yeye. Mbwa kapotea, yeye. Bomba limepasuka wakati wa chakula, yeye tena. Mwaka 1995 alitangaza kwamba amechoka, hagombei, na Jumapili ya kura akaenda zake kuvua samaki kwa binamu yetu. Asiyekuwepo na lake halipo: aliporudi, akakuta mmeandika jina lake kwenye karatasi za kura, naye ni meya tena.

"Jamani, si nilikataa?"

"Ulikataa lini?" Gaston, jirani yake, akamjibu. "Leo hata hukuwepo!"

Tulicheka sana. Yeye alicheka kidogo, akaenda kulipaka mafuta koleo la theluji. Baadaye wageni kutoka Paris walipomlalamikia kwamba jogoo anawika mapema mno, aliwauliza, "Nikamwambie ajiuzulu? Mimi mwenyewe nimeshindwa."

Moyo ulianza kumsumbua majira ya baridi yaliyopita. Daktari alimwagiza apumzike. Keshoye alikuwa juu ya trekta, anasukuma theluji. Mwezi Oktoba alilazwa. Gaston alikwenda kumwona na jibini, akakaa, akakohoa, kisha akasema, "Firmin, ile taa ya barabarani pale kwangu..."

"Gaston, hata kufa hamniachii nafasi?"

Alifariki tarehe 21 Novemba 2013. Nina hasira, nasema wazi. Tulimpenda, na tulimchosha.

Ameacha binti yake Régine, mkwewe Thierry, mjukuu wake Basile, mimi dada yake, na ninyi nyote. Kura ni mwezi Machi. Asipopatikana mtu wa kuwa meya, tutaunganishwa na watu wa bondeni, na jina la kijiji hiki litang'olewa pale barabarani. Jana wawili walikuja jikoni kwangu kunibembeleza nigombee. Jibu ni hapana, na siku ya kura sitakwenda kuvua samaki. Nitakaa pale pale mlangoni niwatazame.

Ufunguo wa ofisi ya meya nimeutundika kwenye geti la makaburi. Mkitoka mtapita hapo.

Kaka yangu apumzike kwa amani. Safari hii, mwacheni.